Niuze kiwanja ili binti aende kambi ya muziki Ulaya?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na anapiga fidla kanisani tangu akiwa na miaka tisa. Fidla yenyewe ni ya parokia na upinde umebaki na singa (zile nywele zake) nusu. Mwezi uliopita tulipata barua pepe kwamba amechaguliwa kwenda kambi ya muziki wa klasiki Ulaya, wiki mbili kuanzia tarehe 20 Julai, na kwamba atapiga kwenye ukumbi maarufu. Ada ni euro 3,900 bila nauli. Hawakumsikia akipiga peke yake. Wanasema waliona video ya kwaya yetu. Malipo ya kwanza wanayataka Ijumaa ijayo. Nina kiwanja Kisesa na mteja yupo. Mtoto halali kwa furaha. Niuze? Na kama siyo huko, watu wa kipato changu wanawapeleka wapi watoto wao?

JIBU: Marahaba, mama. Kiwanja usiuze, na hiyo Ijumaa isikukimbize. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua mteja wa ardhi hasubiri, na huenda unasoma haya huku unageuza dagaa. Sasa nikueleze sababu, halafu tuzungumzie njia nyingine, maana mtoto aliyekosa usingizi kwa ajili ya fidla hafai kuachwa hivi hivi.

Kwanza barua yenyewe. Sisemi waliokuandikia ni matapeli. Inawezekana kambi ipo, vitanda vipo na onesho litafanyika. Lakini kambi inayojali muziki humsikiliza mtoto kabla ya kumwita. Humtaka arekodi vipande viwili akiwa peke yake, pengine na skeli, yaani nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, kwa sababu mwalimu atakayempokea lazima ajue atampanga na nani na ataanzia wapi. Video ya kwaya yenye watu arobaini, kinanda kikiwa juu, haimwambii mtu chochote kuhusu mkono wa kulia wa binti yako, ule unaoshika upinde. Aliyemchagua kwa video hiyo amechagua ada.

Ukumbi maarufu nao usikupe kiwewe. Kumbi hukodishwa, mama, kama unavyokodi ukumbi wa harusi. Carnegie Hall ya New York, ambayo kila mpiga fidla duniani analijua jina lake, ina ukumbi mdogo wa viti 268 uitwao Weill, na waandaaji wa nje huukodi. Mtoto akipiga humo amepiga kweli, na picha itakuwa nzuri. Haina maana kwamba wenye ukumbi wamemsikia wakamwita.

Halafu hesabu. Tukikadiria shilingi 2,900 kwa euro moja, ada peke yake inapita milioni 11. Ongeza tiketi ya ndege, pasipoti shilingi 150,000, na viza. Ikiwa ni nchi ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ada ya viza ni euro 90, nayo hairudi hata ukinyimwa, na wanadai bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu. Ongeza safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya kuomba viza. Na wewe ukitaka kumsindikiza, karibu kila kitu mara mbili. Tuseme kwa yeye peke yake mnafika milioni 15. Mwalimu mzuri wa fidla ukimlipa hata shilingi 50,000 kwa somo, hizo ni fedha za masomo 300, yaani kila Jumamosi kwa karibu miaka sita.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa nje kwa namna kama hii. Wazazi walichanga, waumini wakachanga, na mimi niliandika barua ya kumsifia. Aliporudi nikamuuliza alipata somo la peke yake mara ngapi. Mara mbili kwa wiki tatu, dakika thelathini kila mara. Siku zilizobaki alikaa safu ya nyuma ya fidla za pili, kwenye okestra ya watoto zaidi ya sabini, akimfuata aliyekuwa mbele yake. Alirudi na fulana nzuri na upinde bado unateleza kuelekea shingo ya fidla, kosa lile lile aliloondoka nalo. Nilijilaumu sana, kwa sababu swali lile nilipaswa kuliuliza kabla ya kuandika barua.

Tangu hapo kambi yoyote naipima kwa saa. Kwa wiki moja mtoto atapata masomo mangapi ya peke yake, na ya dakika ngapi? Atafundishwa na mwalimu aliyetajwa kwenye tangazo, au na kijana msaidizi? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Kuna mpiga kinanda wa kumsindikiza? Atawekwa kwenye kikundi kidogo, watu watatu au wanne bila mtu wa kupunga mikono mbele, ambako kila mmoja husikika na hakuna pa kujificha? Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Mtoto aliyekulia kwaya amezoea kubebwa na sauti ya wengi. Siku kumi za kupiga na wenzake watatu humfundisha kusikiliza kuliko mwaka mzima wa misa za Jumapili. Na je, kuna muda uliopangwa wa kujifunza peke yake? Meadowmount, kambi ya fidla na ndugu zake iliyoanzishwa na Ivan Galamian mwaka 1944 katika jimbo la New York, ilijijengea jina kwa jambo hilo: saa nyingi za mazoezi kila siku, na mtu anapita mlangoni kusikiliza kama unapiga.

Kwa sababu ni binti, na ana miaka 15, uliza pia mambo ambayo barua zenye picha nzuri huyapitia haraka. Nani analala nao bwenini? Masomo ya mtu mmoja yanafanyika kwenye chumba chenye kioo mlangoni, au mlango wazi? Mzazi anaruhusiwa kumpigia simu mtoto wakati wowote? Akiugua usiku, nani ana gari? Kambi nzuri huwa na majibu haya yameandikwa tayari na hayamkeri mtu. Wakikuona msumbufu kwa kuuliza, basi wamekujibu.

Sasa kalenda, ambayo nadhani ndiyo inayowaponza wazazi wengi wa kwetu. Kambi kubwa za Marekani na Ulaya hufanyika kati ya mwisho wa Juni na Agosti kwa sababu huko shule zimefungwa. Kwetu Julai ni kiangazi pia, na vumbi la Kisesa unalijua, lakini shule zimefunguliwa. Binti yako yuko kidato cha pili na mwisho wa mwaka ana mtihani wa taifa. Kumtoa darasani tarehe 20 Julai, pamoja na maandalizi na kurudi, ni karibu mwezi. Dirisha lake mwaka huu ni likizo ya Juni na ile ya Desemba. Dirisha kubwa zaidi liko mbele: akimaliza kidato cha nne Novemba, hadi kidato cha tano kianze Julai, ana miezi mingi ambayo vijana wengi huimaliza wakisubiri matokeo. Mtoto wa muziki akiitumia miezi hiyo vizuri hubadilika kabisa. Anza kuipanga sasa.

Kuna jambo lingine ambalo natamani kila mzazi alijue kabla hajakopa. Kambi za vijana wa umri wa sekondari ndizo zenye ada kubwa. Interlochen ya Michigan, iliyoanza 1928, na ile ya Chuo Kikuu cha Boston kule Tanglewood, iliyoanza 1966, ni nzuri kweli, na ada zake ni maelfu ya dola, ingawa hutoa misaada. Lakini mpiga fidla akipanda hadi ngazi ya chuo, mambo hugeuka. Tanglewood Music Center, iliyoanzishwa 1940 na okestra ya Boston, haimtozi ada kijana anayekubaliwa. Music Academy of the West, California, iliyoanza 1947, nayo hugharamia masomo ya wote iliowachagua. Usaili wake ni mkali kupita kiasi na wanaoingia ni wachache, sikufichi. Ila ona mpangilio ulivyo: kadiri mtoto anavyokuwa bora, ndivyo wengine wanavyokuwa tayari kumlipia. Kwa hiyo fedha yako ya sasa, iliyo chache, iende kwenye kumfanya bora. Safari itakuja na mlipaji wake.

Hukuniambia amefika wapi, kwa hiyo nimpime kwa mbali. Je, anaweza kupiga konchato (kipande cha fidla ikisindikizwa na okestra) ya Vivaldi ya A ndogo, sehemu ya kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, nota zikiwa safi hata anapohama mkono kwenda nafasi ya tatu? Kama ndiyo, yuko tayari kwa kambi yoyote ya vijana Afrika Mashariki, na mwakani anaweza kujaribu mbali zaidi. Kama bado, au kama anasoma solfa tu na nota za mistari mitano zinamsumbua, basi kambi ya nje ingempotezea muda: siku ya kwanza wangemwekea karatasi mbele na wote wangeanza kupiga. Watoto wengi wa kwaya zetu wana masikio makali ajabu na macho yaliyobaki nyuma. Hilo hurekebishwa nyumbani, kwa dakika ishirini kila siku, bure.

Ningependa pia afanye mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iliyoanza 1889, yenye gredi ya 1 hadi ya 8. Siipendekezi kwa ajili ya cheti ukutani. Naipendekeza kwa sababu mtu wa mbali asiyemjua binti yako anaielewa. Tangu 2020 kuna aina ya mtihani unaorekodiwa kwa video, vipande vinne mfululizo bila kukata, kwa hiyo anaweza kuufanya akiwa Mwanza. Akumbuke tu kwamba kuanzia gredi ya 6 wanadai awe amefaulu gredi ya 5 ya nadharia au mbadala wake, na hapo ndipo wengi hukwama mwaka mzima.

Sasa swali lako la pili: wapi? Anza karibu. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza 2002, na wanafundisha hata watu wa muda mfupi. Wengine watashangaa kwamba namtuma mtoto wa klasiki kwenye nyumba ya taarabu. Fidla Zanzibar ina historia ndefu. Ikhwani Safaa ni kikundi cha taarabu cha tangu 1905. Wiki mbili za kukaa kati ya wapiga fidla wanaocheza kwa sikio, wanaopamba nota moja kwa njia tano, zitampa mkono laini na ujasiri ambao skeli pekee hazimpi. Basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar, halafu boti. Hakuna viza wala euro.

Ukivuka Sirari, Nairobi ina chuo cha muziki cha tangu 1944, Kenya Conservatoire of Music, na ina Ghetto Classics, iliyoanza 2008 Korogocho, ambako watoto wa mtaa wa karibu na jalala wamekuwa wapigaji wa okestra kwelikweli. Upande mwingine, ukipita Bukoba na Mutukula, Kampala ina Kampala Music School iliyofunguliwa 2001. Waandikie mmoja mmoja uwaulize wana nini likizo ya Juni na Desemba, na kama mtoto wa nje anaweza kukaa na mwalimu wao kwa wiki moja au mbili hata kama hakuna kambi rasmi. Wengi hawatangazi jambo hilo lakini ukiomba kwa adabu hukubali. Na akikua kidogo, Stellenbosch, Afrika Kusini, kuna tamasha la muziki wa vikundi vidogo kila Julai tangu 2004, wanafunzi wakifundishwa na wapigaji wa kimataifa. Mtanzania haombi viza kwa safari fupi ya huko. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili na barua ya ridhaa. Marekani ni tofauti: tangu 2025 masharti ya viza kwa Watanzania yamekazwa, kwa hiyo huko usilipe hata senti kabla ya kuulizia ubalozini.

Lakini ninachokitaka zaidi kwa Mwanza ni kingine. Mleteni mwalimu. Badala ya mtoto mmoja kumfuata mwalimu, watoto kumi na wawili wamwite mwalimu mmoja aje ziwani. Nikupe hesabu yangu ya kukadiria. Mwalimu kutoka Arusha au Nairobi, siku sita, shilingi 150,000 kwa siku: 900,000. Nauli na malazi yake: 500,000. Chakula cha mchana na chai kwa watoto kumi na wawili, shilingi 7,000 kila mmoja kwa siku: 504,000. Nyuzi za akiba, ulimbo wa upinde na kudurufu nota: 120,000. Ukumbi, omba parokia. Jumla ni 2,024,000, yaani kama 169,000 kwa mtoto. Kila mtoto anapata somo la peke yake kila siku ya pili, dakika arobaini na tano, na mchana wote wanapiga kwa vikundi vya wanne. Linganisha na yule mwanafunzi wangu wa dakika thelathini mara mbili.

Utasema watoto kumi na wawili wa fidla Mwanza utawatoa wapi. Wapo. Wako kwenye kwaya za Kikatoliki, Kilutheri, AIC na Wasabato, kila mmoja akidhani yuko peke yake mjini. Na fedha? Sisi ni watu wa michango, mama. Tunajua kuunda kamati, kugawa kadi za ahadi na kumfuata mjomba wa Geita hadi atoe. Kamati ya harusi ndogo huvuka milioni mbili ndani ya wiki chache. Keti na mwalimu wa kwaya na mwenyekiti wa parokia, unda kamati ya watu watano, lenga wiki ya kwanza ya Desemba. Mimi nitakusaidia kumpata mwalimu.

Siku atakapoomba kambi yenye ufadhili, fomu zitakutesa kidogo, kwa hiyo nikutayarishe. Maombi mengi ya huko hufungwa kati ya Desemba na Februari, na anayechelewa kwenye fedha za msaada hukuta zimegawanywa. Fomu zitakuuliza mshahara wa mwezi. Wewe huna mshahara: kipato chako hupanda usiku wa giza na hushuka mbalamwezi inapowaka, wavuvi wanapolaza mitumbwi. Waeleze hivyo hivyo, ukurasa mmoja. Ambatisha miamala ya simu ya miezi kumi na miwili, kitabu cha kikoba, na barua ya mtendaji wa mtaa. Kiwanja kitaje, ukikificha halafu wakajua, mtoto ndiye atakayeumia. Na usiandike tu "sina uwezo". Andika unachoweza: tunaweza kutoa dola 300, tunaomba msaada wa kilichobaki. Mtu anayegawa fedha humwamini mzazi aliyepiga hesabu. Uliza pia kama ada ya maombi inaweza kusamehewa; mara nyingi hakuna anayeuliza.

Video ya usaili irekodiwe kanisani siku ya kazi, tuseme Jumanne saa nane mchana, bodaboda zikiwa zimepungua na kabla ya watoto wa mafundisho kufika. Simu ilazwe kwa ubavu ili picha iwe pana, iwe mita tatu hivi kutoka kwake, vidole na upinde wote vionekane. Asikate wala kuunganisha. Kosa dogo kwenye kipande kilicho hai halimwangushi mtu.

Umetaja upinde wenye singa nusu, kisha ukapita haraka. Mimi nimekaa hapo. Upinde huo ndio unaomzuia leo, kuliko umbali wa Ulaya. Singa zikiwa chache hawezi kutoa sauti nene bila kukaba mkono, na mkono uliokaba akiwa na miaka 15 huwa tabia ngumu kuvunja. Uwekewe singa mpya, Nairobi kuna mafundi, au mnunulie upinde mwingine wa kawaida wa mwanafunzi. Hiyo ndiyo shilingi ya kwanza ya kutoa, mwezi huu.

Kuhusu Ijumaa: wajibu leo. Washukuru, kisha uliza mambo matatu tu. Jina la mwalimu atakayemfundisha na idadi ya masomo yake ya peke yake kwa wiki. Kama wanaweza kumsikia kwa video akipiga peke yake kabla ya malipo. Na kiasi gani kinarudishwa viza ikikataliwa. Binti mwambie ukweli wote, asomewe na haya niliyoandika, maana ana umri wa kuelewa na ni muziki wake. Watakachojibu nitumie, na yule mteja wa Kisesa mwambie kiwanja hakiuzwi.